Ishirini na Tatu ni Jumla: Mwongozo wa Kuzidisha kwa Kichwa

Namba ya tarakimu mbili inapotamkwa kwa Kiswahili hujigawa yenyewe katika sehemu mbili: 23 ni ishirini na tatu, 47 ni arobaini na saba, na kile kiungo kifupi "na", ambacho masikio yamekizoea hata hayakisikii tena, ndicho alama ya kujumlisha. Msemaji hutaja makumi kwanza, kisha mamoja, yaani sehemu kubwa hutangulia na ndogo hufuata. Waarabu, ambao Kiswahili kiliazima kwao maneno ya ishirini, thelathini hadi tisini, husema tatu na ishirini, na Wajerumani hufanya vivyo hivyo katika lugha yao. Kiswahili kiliyachukua maneno lakini kikayapanga kwa utaratibu wake chenyewe. Jambo hilo lina manufaa makubwa katika hesabu za kichwa, yaani ukokotoaji unaofanywa bila kalamu, karatasi wala mashine, kwa sababu njia zote za mkato zitakazoelezwa hapa zinatokana na mambo mawili ambayo tayari yamo kinywani mwa msemaji wa Kiswahili: kwamba namba ni jumla inayoweza kuvunjwa, na kwamba kilicho kikubwa hushughulikiwa kwanza.

Njia ya kuzidisha kwa kupanga namba wima, inayofundishwa shuleni, huanza na mamoja upande wa kulia na kusogea kushoto, nayo ni njia nzuri kwa karatasi, kwa kuwa karatasi haisahau. Kichwa kinapolazimishwa kuifuata hubebeshwa mzigo usio wake, kwani tarakimu za jibu hupatikana kinyumenyume, ya mwisho ikiwa ya kwanza, na zote hulazimika kushikwa hadi iliyo kubwa ipatikane ndipo jibu liweze kutamkwa. Anayeanza na makumi hupata mapema kabisa namba iliyo karibu na jibu, kisha huirekebisha kidogo kidogo, na hata akikatizwa njiani anakuwa ameshajua jibu liko wapi. Watu wengi wanaoamini kwamba hawana kipaji cha hesabu za kichwa hawakukosa kipaji. Walikuwa wakijaribu kuandika karatasi isiyokuwepo.

Shamba lenye vipande vinne

Msingi wa yote ni kanuni inayoweza kuitwa kanuni ya mtawanyo, inayosema kwamba kuizidisha jumla kwa namba fulani ni sawa na kuzidisha kila sehemu ya jumla hiyo kwa namba hiyo, kisha kujumlisha mazao. Neno "zao" hapa lina maana ya jibu la kuzidisha. Picha inayoieleza vizuri kuliko zote ni ya shamba la minazi lenye safu 23, kila safu ikiwa na miti 14. Njia moja ya miguu ikipita kati ya safu ya 20 na ya 21, na nyingine ikikata kila safu baada ya mti wa kumi, shamba hugawanyika katika vipande vinne ambavyo mazao yake ni mepesi: 20 × 10 ni 200, 20 × 4 ni 80, 3 × 10 ni 30, na 3 × 4 ni 12. Minazi haikuongezeka wala kupungua kwa sababu ya njia hizo mbili, kwa hiyo jumla ya vipande, 322, ndiyo zao la 23 × 14. Msomaji anayeiona picha hii vizuri hahitaji kukariri kanuni nyingi, kwa kuwa kila mkato utakaofuata ni uamuzi tu wa mahali pa kupitisha njia.

Kabla ya kuendelea, mambo mawili yanapaswa kuwa mepesi kama kutaja siku za juma. La kwanza ni jedwali la kuzidisha hadi tisa mara tisa, ambalo halina mbadala. La pili ni kuzidisha namba ya tarakimu mbili kwa tarakimu moja, makumi yakitangulia: katika 47 × 6, arobaini mara sita ni 240, saba mara sita ni 42, na jumla ni 282, katika 86 × 7, 560 na 42 ni 602. Inafaa kulitamka zao la kwanza kwa sauti ndogo, "mia mbili arobaini", kisha kuliongezea la pili juu yake, kwa sababu namba iliyotamkwa hukaa sikioni kwa muda na kuiachia akili nafasi ya kufanya kazi nyingine. Zoezi hili la tarakimu mbili kwa moja ndilo linalostahili muda mwingi kuliko mengine yote, kwani anayelimudu anakuwa amemaliza zaidi ya nusu ya safari.

Biashara ya kila siku hutoa mifano ya kutosha. Dazeni ni vitu 12, korija, kipimo cha zamani cha nguo na boriti za mwambao, ni 20, kreti ya soda huwa na chupa 24, na trei ya mayai ina mayai 30. Mwenye duka aliyepokea kreti 76 anaweza kuivunja 24 badala ya 76, kwa kuwa tarakimu za 24 ni ndogo: 76 × 20 ni 1,520, 76 × 4 ni 304, na chupa zote ni 1,824. Uamuzi wa namba ipi ivunjwe na ipi ibaki nzima una uzito. Kwa kawaida huvunjwa ile yenye tarakimu ndogo, au ile ambayo mamoja yake ni 1 au 2, kwa kuwa zao lake la pili halichoshi.

Njia ya mshazari

Shamba la vipande vinne linaweza pia kusomwa kwa mpangilio mwingine, ambapo vipande viwili vya kati, vinavyotoa makumi, huunganishwa kuwa kimoja. Katika 64 × 37, makumi kwa makumi ni 6 × 3, yaani 18. Kisha tarakimu huzidishwa kimshazari, 6 × 7 na 4 × 3, yaani 42 na 12, jumla 54. Mwisho mamoja kwa mamoja ni 4 × 7, yaani 28. Namba hizo tatu, 18, 54 na 28, ni mamia, makumi na mamoja kwa mfuatano huo. Kichwani haifai kuzishika zote tatu kwa pamoja. Ni vyema kuziunganisha kadiri zinavyopatikana: 18 huwa 180, ikiongezwa 54 ni 234, 234 huwa 2,340, ikiongezwa 28 ni 2,368. Kwa namna hiyo wakati wowote kichwani pana namba moja tu ya kutunzwa na nyingine moja ndogo ya kuongezwa.

Njia hii hujulikana na wengi kupitia kitabu cha hesabu kilichopewa jina la Veda, cha mtawa wa Kihindi Bharati Krishna Tirthaji, kilichochapishwa mwaka 1965, miaka mitano baada ya kifo chake, ambamo huitwa "wima na mshazari". Wataalamu waliochunguza maandiko ya Veda hawakuyakuta humo mafunzo hayo, na kuzidisha kimshazari kulikwishafundishwa katika kitabu ambacho Leonardo wa Pisa, maarufu kwa jina la Fibonacci, alikitoa mwaka 1202 baada ya kujifunza tarakimu za Kihindi huko Bugia, mji wa pwani ya Algeria. Asili yake haiipunguzii wala kuiongezea thamani, lakini msomaji ajue kwamba hakuna siri hapa: ni vipande vinne vya shamba, viwili vikiwa vimeunganishwa.

Kuhesabu kwa deni

Mara nyingi namba huwa karibu sana na makumi kamili yaliyo juu yake, na hapo ni rahisi zaidi kupanda kisha kurudisha. Katika 58 × 39, namba 39 ni 40 yenye upungufu wa moja, kwa hiyo 58 × 40 ni 2,320, na ikitolewa 58 moja hubaki 2,262. Kutoa 58 nako hurahisishwa kwa kutoa 60 na kurudisha 2. Vivyo hivyo 34 × 68 ni 34 mara 70, yaani 2,380, ukiondolewa 34 mara mbili, yaani 68: jibu ni 2,312. Wanaojifunza huikwepa njia hii kwa kuwa wameaminishwa kwamba kutoa ni kugumu kuliko kujumlisha, na inasikitisha, kwa sababu namba zinazoishia na 7, 8 na 9, ambazo ndizo zinazochosha zaidi katika jedwali, hugeuka kuwa 3, 2 na 1.

Namba zote mbili zinapokuwa karibu na mia, mbinu hiyo huzaa mkato mzuri sana. Katika 97 × 94, namba ya kwanza ina deni la 3 kwa mia na ya pili ina deni la 6. Deni la mojawapo hutolewa katika nyingine, 97 kutoa 6 au 94 kutoa 3, na pande zote mbili hutoa 91, ambayo ni idadi ya mamia. Kisha madeni yenyewe huzidishwa, 3 × 6, na kutoa 18. Jibu ni 9,118. Sababu yake huonekana katika shamba la safu 100 zenye miti 100 kila moja, yaani miti 10,000. Safu 3 zikikatwa huondoka miti 300, na mistari 6 ya kukata safu ikiondolewa huondoka miti 600. Lakini kona ya shamba, yenye miti 3 kwa 6, imehesabiwa katika makato yote mawili, kwa hiyo miti 18 lazima irudishwe mara moja. Hapo ndipo msomaji anapoona kwa macho kwa nini deni likizidishwa kwa deni hutoa namba chanya, jambo ambalo wanafunzi wengi hulikariri kama amri isiyo na maelezo.

Madeni yakizidi kidogo, mamia hubebwa: 86 na 88 zina madeni ya 14 na 12, tofauti ya mshazari ni 74, zao la madeni ni 168, kwa hiyo 7,400 na 168 ni 7,568. Chini ya hapo, kwa namba kama 72 na 65, madeni huwa makubwa kiasi kwamba kuyazidisha si rahisi kuliko kuzidisha namba zenyewe, na njia hii iachwe.

Neno "deni" halikuchaguliwa hapa kwa mapambo. Katika Baghdad ya karne ya 10 mwanahisabati Abu al-Wafa al-Buzjani aliandika kitabu cha hesabu kwa ajili ya makatibu na watumishi wa serikali, bila kutumia tarakimu za Kihindi, kwa kuwa watu hao walizoea kuhesabu kichwani na kwa vidole. Waarabu waliuita ukokotoaji wa namna hiyo hesabu ya hewani. Humo mna mfano wa 3 × 5 unaofanywa kwa kuzilinganisha namba hizo na kumi: madeni yake ni 7 na 5, 3 ikitolewa 5 huacha deni la 2, ambalo likizidishwa kwa kumi huwa deni la 20, madeni yakizidishwa hutoa 35, na 35 ikilipa deni la 20 hubaki 15. Neno alilotumia ni "dayn", ambalo ndilo deni la Kiswahili, kama vile "hisab" lilivyo hesabu. Mtu anayekokotoa 97 × 94 kwa njia iliyoelezwa hapo juu anatumia utaratibu uleule, isipokuwa mia imechukua nafasi ya kumi.

Utaratibu huohuo hufanya kazi kwa ziada kama unavyofanya kwa deni. Namba kuanzia 11 hadi 19 zina ziada juu ya kumi, kwa hiyo 17 × 14 hupatikana kwa kuongeza ziada ya moja kwenye nyingine, 17 na 4 ni 21, yaani makumi 21 au 210, kisha kuongeza zao la ziada, 7 × 4, yaani 28: jibu ni 238.

Vipeo vya pili na namba ya katikati

Zao la namba na yenyewe huitwa kipeo cha pili cha namba hiyo. 12 × 12 ni 144, kwa hiyo 144 ni kipeo cha pili cha 12. Elimu ya vipeo vya pili inaweza kuonekana kama jambo la pembeni, lakini ndiyo hazina kubwa ya hesabu za kichwa, kwa sababu namba mbili zilizo umbali sawa kutoka namba ya katikati huzidishwa kwa kuchukua kipeo cha pili cha hiyo ya katikati na kutoa kipeo cha pili cha umbali. Katika 38 × 42, katikati ni 40 na umbali ni 2, kwa hiyo 1,600 kutoa 4 ni 1,596. Katika 67 × 73, 4,900 kutoa 9 ni 4,891. Katika 46 × 54, 2,500 kutoa 16 ni 2,484. Shamba lenye upana wa 38 na urefu wa 42 likikatwa ukanda wa 2 mwishoni mwa urefu, na ukanda huo ukageuzwa na kulazwa kwenye upana, hupatikana karibu mraba wa 40 kwa 40. Karibu tu, kwa kuwa ukanda una urefu wa 38 na kona ya 2 kwa 2 hubaki wazi. Umbali kati ya namba ukiwa witiri, yaani usiogawanyika kwa mbili, kama katika 38 × 43, huchukuliwa jirani iliyo shufwa: 38 × 42 ni 1,596, ikiongezwa 38 moja ni 1,634.

Uhusiano huu ni wa kale. Mabamba ya udongo ya Babeli yaliyopatikana Senkereh, Iraki, mwaka 1854, yana jedwali la vipeo vya pili vya namba hadi 59, na katika karne ya 19 Ulaya ilichapa vitabu vizima vya majedwali ya robo za vipeo vya pili, kuanzia kile cha Mfaransa Antoine Voisin cha mwaka 1817 hadi kile cha Joseph Blater cha mwaka 1888, ili makarani waweze kuzidisha kwa kujumlisha na kutoa tu. Karani alitafuta robo ya kipeo cha pili cha jumla ya namba mbili, akatoa robo ya kipeo cha pili cha tofauti yake, na zao likapatikana. Kwa 38 na 42, jumla ni 80 na robo ya 6,400 ni 1,600. Tofauti ni 4 na robo ya 16 ni 4.

Asiye na jedwali la Blater anaweza kuvijenga vipeo vya pili mwenyewe. Namba inayoishia na 5 ndiyo nyepesi kuliko zote: makumi yake huzidishwa kwa namba inayoyafuata, kisha 25 huandikwa nyuma yake, kwa hiyo kipeo cha pili cha 65 ni 6 × 7, yaani 42, na 25: 4,225. Namba zilizo karibu na 50 nazo zina njia yake: 25 huongezwa au hupunguzwa umbali wa namba kutoka 50 ili kupata mamia, kisha kipeo cha pili cha umbali huongezwa. Kwa 47, 25 kutoa 3 ni 22, na 3 × 3 ni 9, kwa hiyo 2,209. Kwa 56, 25 na 6 ni 31, na 36, kwa hiyo 3,136. Kwa namba nyingine, namba ya katikati hutumiwa kinyume: ili kupata kipeo cha pili cha 73, hushuka hadi 70 na kupanda kiasi hichohicho hadi 76, 70 × 76 ni 5,320, kisha 9 huongezwa, na jibu ni 5,329. Msomaji anayevijua kwa moyo vipeo vyote vya pili hadi cha 30, na aliyeelewa namna ya kuvijenga vilivyobaki, atashangaa ni mazao mangapi yasiyofanana navyo ambayo kwa kweli ni vipeo vya pili vilivyosogezwa hatua moja au mbili.

Mkato wa namba zinazoishia na 5 ni tawi la mkato mpana zaidi. Namba mbili zenye makumi sawa na mamoja yanayojumlika kuwa kumi, kama 43 na 47, huzidishwa kwa makumi mara yanayofuata, 4 × 5 ni 20, na mamoja kwa mamoja, 3 × 7 ni 21, jibu likiwa 2,021. Ikiwa ni makumi yanayojumlika kuwa kumi na mamoja yaliyo sawa, kama 34 na 74, mamia hupatikana kwa 3 × 7 kuongeza 4, yaani 25, kisha 4 × 4: 2,516. Hali hii ya pili hutokea mara chache, na haina haja ya kuhangaikiwa.

Nusu, mara mbili na vigawo

Kigawo ni namba inayoigawa nyingine bila baki. Namba nyingi za tarakimu mbili zina vigawo vidogo, na kuvitumia hugeuza zoezi gumu kuwa mfululizo wa hatua nyepesi. Iliyo nyepesi kuliko zote ni kuchukua nusu ya namba moja na mara mbili ya nyingine, jambo ambalo halibadilishi zao: 35 × 24 ni sawa na 70 × 12, yaani 840, na 45 × 16 ni sawa na 90 × 8, yaani 720. Namba inayoishia na 5 ikikutana na namba shufwa, inafaa kulifikiria hili kabla ya lolote. Kwa 25, ambayo ni robo ya mia, namba ya pili hugawanywa kwa 4 na kupewa mamia: 36 × 25 ni 900.

Katika Misri ya kale kuzidisha karibu kote kulikuwa kuongeza mara mbili. Gombo la mafunjo lililonakiliwa na karani Ahmose yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, ambalo Mskoti Alexander Henry Rhind alilinunua Luxor mwaka 1858 na ambalo sasa limo British Museum, London, huonyesha mahesabu ya namna hiyo. Kwa utaratibu huo 37 × 24 ingepatikana kwa kupanda 37, 74, 148, 296, 592, kisha kujumlisha mara 8 na mara 16, yaani 296 na 592, ambayo ni 888. Lakini anayezijua namba vizuri hufika haraka zaidi, kwa kukumbuka kwamba 37 × 3 ni 111 na kwamba 24 ni 3 × 8, basi 111 × 8 ni 888. Yapo mazao machache ya aina hii ambayo ni vizuri kuyahifadhi kwa sababu yanaangukia karibu na mamia kamili: 17 × 6 ni 102, 34 × 3 pia ni 102, 67 × 3 ni 201, 29 × 7 ni 203, 43 × 7 ni 301, na 77 × 13 ni 1,001. Anayeijua 43 × 7 hupata 43 × 56 bila taabu, kwani 301 × 8 ni 2,408.

Kuhusu 11, ambayo hupewa sifa nyingi kuliko inavyostahili, inatosha kusema kwamba tarakimu za namba hutenganishwa na jumla yake huwekwa katikati: 53 × 11 ni 583, na jumla ikifika kumi au kuzidi, moja hubebwa kwenda kwenye mamia, kwa hiyo 78 × 11 ni 858.

Kutazama kabla ya kuhesabu

Ustadi wenyewe haumo katika mkato wowote mmoja. Umo katika kuzitazama namba mbili kwa muda mfupi kabla ya kuanza, na kutambua zinaalika njia gani. Namba 36 inaonyesha hili vizuri ikikutanishwa na wenzi mbalimbali. Ikikutana na 34, katikati ni 35, kwa hiyo 1,225 kutoa 1 ni 1,224. Ikikutana na 39 huwa 1,440 kutoa 36, yaani 1,404. Ikikutana na 44, katikati ni 40, na 1,600 kutoa 16 ni 1,584. Ikikutana na 45 hugeuka 18 × 90, yaani 1,620. Ikikutana na 47, ni bora kuipandisha hadi 50, ambayo hutoa 1,800, na kurudisha 36 mara 3, yaani 108: 1,692. Ikikutana na 67 huwa 201 × 12, yaani 2,412. Ikikutana na 73 haioni rafiki wa karibu, na hapo ndipo njia ya kawaida inaporudi kazini: 73 × 30 ni 2,190, 73 × 6 ni 438, na jumla ni 2,628. Asiyeona mkato baada ya kutazama asiutafute zaidi, kwa kuwa muda wa kutafuta ukizidi muda wa kuhesabu mkato umegeuka kuwa mzunguko.

Kuhakiki jibu

Jibu la kichwani halina maandishi ya kurudia, kwa hiyo lazima lihakikiwe kwa njia nyingine. Hakiki ya kwanza ni ya mamoja: zao la 64 × 37 lazima liishie na 8, kwa kuwa 4 × 7 ni 28. Ya pili ni ya ukubwa: 64 × 37 iko karibu na 60 × 40, yaani 2,400, hivyo jibu la 23,680 au 236 lisingewezekana.

Ya tatu ni ya kale na imara zaidi, nayo huitwa kutupa tisa. Tarakimu za kila namba hujumlishwa hadi ibaki tarakimu moja, na 9 huhesabiwa kuwa 0. Kwa 64, 6 na 4 ni 10, na 1 na 0 ni 1. Kwa 37 vilevile hupatikana 1. Zao la 1 na 1 ni 1. Kwa jibu 2,368, tarakimu zikijumlishwa ni 19, kisha 10, kisha 1, na pande mbili zinakubaliana. Wanahisabati wa ulimwengu wa Kiislamu waliitumia hakiki hii, na Fibonacci aliifundisha. Hata hivyo haioni kosa la kubadilishana nafasi kwa tarakimu, kwani 2,386 nayo ingepita, na kosa hilo ndilo linalotokea sana kichwani. Dawa yake ni hakiki ya kumi na moja, ambapo tarakimu hutolewa na kujumlishwa kwa zamu kuanzia kulia: kwa 64, 4 kutoa 6 ni deni la 2, ambalo likiongezwa 11 huwa 9, kwa 37, 7 kutoa 3 ni 4, 9 × 4 ni 36, ambayo kwa utaratibu huohuo ni 6 kutoa 3, yaani 3. Kwa 2,368, 8 kutoa 6, kuongeza 3, kutoa 2, ni 3, na jibu linathibitika; kwa 2,386 ingepatikana deni la 1, na kosa lingefichuka papo hapo.

Mazoezi

Anayetaka kujua uwezo wa kichwa kisicho na karatasi unaweza kufika wapi atazame habari za Thomas Fuller, Mwafrika aliyeuzwa utumwani Virginia, Marekani, akiwa kijana, na aliyekufa mwaka 1790 bila kujua kusoma wala kuandika. Akiwa mzee aliulizwa mwaka mmoja na nusu una sekunde ngapi, naye baada ya takriban dakika mbili akajibu 47,304,000. Aliulizwa pia idadi ya sekunde za mtu aliyeishi miaka 70, siku 17 na saa 12, akajibu 2,210,500,800. Aliyekuwa akikokotoa kwa kalamu alidai kwamba jibu hilo ni kubwa mno, na Fuller akamwonyesha kwamba alisahau miaka mirefu. Habari zake ziliandikwa mwaka 1788 na daktari Benjamin Rush, katika enzi ambayo wengi walitaka kuamini kwamba Mwafrika hana akili ya namna hiyo, na zinastahili kujulikana na kila mtoto wa bara hili anayejifunza jedwali la kuzidisha.

Kwa mwanafunzi wa kawaida, dakika kumi kila siku ni bora kuliko saa mbili siku ya Jumamosi. Wiki mbili za mwanzo zitumike kwa tarakimu mbili kwa moja peke yake, mpaka majibu yaje bila kusukumwa; wiki inayofuata iwe ya vipeo vya pili; ndipo namba mbili za tarakimu mbili zianze kuchanganywa, zikichukuliwa popote zinapoonekana, kwenye namba za magari barabarani, bei za dukani au kurasa za kitabu. Kila zoezi lifanywe kwa njia mbili tofauti, kwa sababu njia ya pili huhakiki ya kwanza na kuonyesha ipi ilikuwa fupi. Inafaa kuanza na haya, kila moja likitazamwa kwanza kabla ya kuguswa: 52 × 48, 75 × 75, 96 × 92, 18 × 45, 63 × 67, 29 × 35, 83 × 46. Majibu yake kwa mfuatano ni 2,496, 5,625, 8,832, 810, 4,221, 1,015 na 3,818, na zoezi la mwisho limewekwa makusudi, kwa kuwa halialiki mkato wowote wa wazi na hulipwa vizuri kwa 80 × 46 na 3 × 46.